Hela ya dagaa inakuja na giza, bima nayo ije hivo hivo

Mhariri, habari za kazi. Mie ni mama wa dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, huu mwaka wa kumi na tisa, na gazeti lako huwa linanifikia likiwa limeshafungiwa vitumbua ila nalisoma hivo hivo na mafuta yake. Sijawahi kuandika gazetini. Binti yangu ndo kaniambia mama kila siku unagombana na redio peke yako si uwaandikie wenyewe, basi nimekaa hapa juu ya magunia naandika na simu, nikikosea mtaninyoosha.

Ni kuhusu hii bima ya afya kwa wote. Kila nikiwasha redio kuna mtaalam anasema wananchi hawana uelewa, elimu itolewe, wananchi wanasubiri mpaka waumwe ndo wakumbuke bima. Nimeyasikia mpaka nimeyakariri. Sasa mie nina kitu kimoja tu cha kusema ingawa najijua nitazunguka sana kabla sijafika: uelewa tunao, kinachotushinda ni kalenda. Bima inadai hela ya mwaka mzima kwa mkupuo, na hela yetu huku ziwani inakuja na giza inaondoka na mbalamwezi.

Kwa wasiojua wacha nieleze. Dagaa inavuliwa usiku kwa taa. Mtumbwi unaenda maji marefu wanawasha taa zao, zamani zilikuwa karabai siku hizi za sola na betri, dagaa inafuata mwanga inajikusanya hapo ndo wanaizungushia nyavu. Sasa mwezi ukiwa mpevu ziwa lote limewaka, kataa kako kale kana nini hapo? Dagaa haijikusanyi. Kwa hiyo mbalamwezi ikikaza mitumbwi inapandishwa mchangani, wavuvi wanashona nyavu, wengine wanarudi kwao, wengine wanakunywa, na sisi huku Mwaloni tunakaa tunaangaliana. Siku karibu kumi hivi, kila mwezi. Mwenye akiba anakula akiba, asiyenayo anakopa unga dukani mpaka giza lirudi. Na hapo bado hujaweka masika, maana dagaa lazima ianikwe, ikinyeshewa siku mbili mfululizo inaanza kuoza unaiuza kwa bei ya chakula cha kuku, na hiyo ni kama mwenye kuku amejitokeza.

Sasa nije kwenye kilichonikuta, ndo mtaelewa kwanini nina hasira.

Baba mkwe wangu alikuwa anaishi Ukerewe, mzee wa miaka sitini na nane, mvuvi mstaafu kama kuna mvuvi anastaafu. Mwaka 2021 mwezi wa kumi na moja mkojo ukamziba usiku. Wakamleta na meli ya asubuhi kutoka Nansio, mzee amekaa upande upande, amevaa koti na jasho linamtiririka. Mie na shemeji tukampokea tukampakia kwenye bajaji mpaka hospitali. Hospitali gani siitaji, ingeweza kuwa yoyote tu na sina ugomvi nao.

Mapokezi tukatoa kadi ya CHF, yaani mfuko wa afya ya jamii, ile iliyoboreshwa, 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Yule binti wa mapokezi akaingiza namba kwenye kompyuta, akaangalia, akaingiza tena.

"Shikamoo mama. Hii imeisha tarehe ishirini mwezi uliopita."

"Marahaba. Imeisha vipi tena?"

"Imeisha mama, haijalipiwa."

Siku hiyo ilikuwa tarehe tisa. Shemeji akaniangalia mie nikamwangalia. Tarehe ishirini ya mwezi ule mbalamwezi ilikuwa imewaka mpaka unaweza kuokota sindano, nyumba nzima kule kisiwani ilikuwa inakula mihogo, 30,000 ya kulipia karatasi ingetoka wapi? Giza lilivyorudi hela zikaanza kuingia lakini kadi imeshasahaulika, kwanza kuna deni la unga.

Na kuna kingine ambacho mzee mwenyewe alikuja kunieleza baadae akiwa wodini. Ule mwaka kadi ilipokuwa hai aliitumia mara mbili zahanati. Mara zote mbili wakampokea vizuri, akaandikiwa dawa tatu akapewa moja, mbili akaambiwa baba nenda dukani. Mara ya pili alipotoka pale akamwambia mke wake hii kadi ni kitambulisho kama kile cha kupigia kura. Kwa hiyo ilipoisha hakuna aliyeshtuka, na mie ningekuwa yeye nisingeshtuka.

Najua kuna mtu atasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza ana msamaha. Ni kweli, sera ipo, na pale kumuona daktari hatukulipa, tulipelekwa ustawi wa jamii dada wa watu akatusikiliza vizuri akatuandikia. Ila mpira wa mkojo stoo umeisha. Mfuko wake umeisha. Glavu zimeisha. Nendeni duka la nje. Mie ndo nikakimbia. Duka lipo ng'ambo ya barabara tu, limepakwa rangi mpya, foleni nzima wameshika vikaratasi kama changu. Kijana wa dukani ananiuliza saizi. Saizi gani? Kumbe mpira wa mkojo una namba, mie namba ninayoijua ni ya kiatu. Nikarudi mbio kuuliza, nesi akasema kumi na sita, nikavuka tena barabara, kumi na sita hamna kuna kumi na nane, nikarudi kuuliza kama kumi na nane inafaa, akasema itafute kumi na sita mama mzee ataumia. Nimeipata duka la tatu. Muda wote huo mzee yuko kwenye benchi la mbao kashika mkono wa shemeji haongei, na mzee yule si mtu wa kunyamaza.

Mpira ulipoingia na mkojo ukatoka alifumba macho akasema "asanteni wanangu" kama mtu aliyepewa shamba.

Ilikuwa tezi dume. Vipimo vya damu, ultrasaundi, kulazwa, oparesheni, dawa, kurudi kliniki, yote pamoja mpaka anarudi kisiwani ni 610,000. Risiti ninazo zote kwenye mfuko wa rambo, kila kitu kililipwa kwa kontro namba kwa hiyo sisemi kwamba kuna mtu alikula, hapana. Hela ilitoka hivi: kikoba chetu kilitoa 150,000, grupu la ukoo la WhatsApp likachanga 118,000 baada ya watu kukumbushana siku nne na wengine kujifanya hawapo hewani, na 342,000 iliyobaki niliuza dagaa ambazo bado ziko ziwani zinaogelea. Ndo tunavofanya hapa, unaenda kwa tajiri anakupa hela leo, giza likija unamletea magunia kwa bei yake. Yangu ilikuwa karibu nusu ya bei ya sokoni. Giza lile na la mwezi uliofuata nilikuwa namfanyia kazi mtu mwingine kwa jua langu na chanja zangu. Mtaji wangu ulikuwa wa magunia kumi na moja nikabaki na matano na imenichukua miaka miwili kurudi nilipokuwa.

Halafu nipige hesabu mbele yenu. 30,000 ukiigawa kwa wiki 52 haifiki hata 600. Mia sita! Hiyo ni andazi na chai. Sisemi CHF ingelipa kila kitu, najua ina mipaka yake, ila ingepunguza, na isingekuwa imekufa kama ingekubali kulipwa mia sita mia sita giza likiwepo.

Sasa niambie mhariri, ni kitu gani kingine hapa mjini bado kinadai hela ya mwaka kwa mkupuo kutoka kwa mtu maskini? Umeme tunanunua LUKU ya buku. Bando la intaneti la siku. Simu ya mkopo vijana wanalipia buku kwa siku ikigoma inajifunga yenyewe. Sola kule visiwani wanalipia kidogo kidogo kwa simu. Hata kubeti! Nenda pale kwenye kibanda cha kahawa saa kumi jioni uone vijana wanavyotuma mia tano tano za mkeka usiku na mchana na hakuna anayewaambia mkeka unalipiwa kwa mwaka. Walioitengeneza hiyo mitandao ya kubeti wametujua kuliko wizara. Na kinachonichekesha ni kwamba sheria ya bima yenyewe imetaja kodi za soda, pombe, vipodozi na hiyo michezo ya kubahatisha kuwa vyanzo vya kulipia wasio na uwezo, kwa hiyo kijana anayeliwa mkeka anaweza kuwa anamchangia jirani yake matibabu bila kujua na yeye mwenyewe hana bima.

Maoni ya watu hapa Mwaloni niwape kama yalivyo. Kijana anayebeba magunia anasema mie siumwi, bima ya nini, nikiumwa nitachemsha mwarobaini. Huyo mgongo utamjibu akifika arobaini. Mama mmoja wa sangara anasema hawezi kulipia kitu ambacho hajakitumia, ni sawa na kulipa nauli ya daladala ambayo hujapanda, na hapo nilimuuliza mbona unatoa mchango wa msiba kila mwezi na hujafiwa, akacheka akasema msiba ni watu, bima ni ofisi. Nimelifikiria sana hilo neno lake. Dereva wa bajaji anasema alikuwa na kadi ya watoto ile ya Toto Afya, 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, mwezi wa tatu 2023 utaratibu ukabadilishwa ghafla wazazi wakaambiwa waandikishe kupitia mashule, mtoto wake alikuwa bado hajaanza shule, tangu hapo neno bima likitajwa anaongeza sauti ya redio.

Na mzee wetu mmoja hapa, mshona nyavu, yeye kila mjadala anaurudisha nyuma ya 1993, kabla ya kuchangia gharama, anasema ulikuwa unaingia hospitali na mguu unatoka na dawa. Ni kweli. Mie mwenyewe nimezaliwa Bugando 1974, kilima kile kile, hospitali ikiwa na miaka mitatu tu tangu ifunguliwe, serikali ikiwa imeshaichukua kutoka kwa maaskofu, na mama yangu alikuwa anatuambia hakutoa hata senti. Lakini mama yangu huyo huyo alikuwa anatuambia pia miaka ya themanini unaenda na shuka lako na dawa hamna. Kwa hiyo mzee wa nyavu namheshimu ila anachagua kumbukumbu.

Mkinisikiliza vizuri hapo hakuna hata mmoja aliyesema haelewi bima ni nini. Wanaelewa. Wanasema hawaiamini, au wanasema haiendani na mfuko wao.

Tena kuelewa tumeelewa zamani. Jumamosi saa tisa njooni nyuma ya stoo yetu muone. Tuko akina mama ishirini na sita. Tuna sanduku la chuma lina kufuli tatu, funguo tatu wanashika watu watatu tofauti wasiokaa mtaa mmoja, na sanduku linakaa kwa mtu wa nne ambaye hana ufunguo hata mmoja. Mbali na hisa kila mtu anatoa hela ya mfuko wa jamii. Kwenye giza tunatoa 2,000 kwa wiki, mbalamwezi ikikaa hatutoi kitu, tumejiwekea hivo wenyewe baada ya kuona watu wanakimbia kikao kwa aibu ya kukosa hela. Mwenye mgonjwa anapewa, mwenye msiba anapewa. Mgeni akijiunga leo hagusi mfuko wa jamii mpaka miezi mitatu ipite, maana mwaka wa kwanza mama mmoja alijiunga Jumamosi, Jumanne akaleta mgonjwa, alichukua hela hatukumuona tena. Ukiruka vikao vinne vya giza unasimamishwa, ukirudi unaanza kuhesabiwa miezi mitatu upya. Mweka hazina anahesabu hela mbele yetu sote kwa sauti, anaziweka kwenye bakuli la plastiki, tunarudia kwa sauti pamoja: mfuko wa jamii una shilingi kadhaa. Hata asiyejua kusoma anaondoka na hiyo namba kichwani.

Sasa hiyo kama sio bima ni nini? Watu wazima wanachangiana, wengi hawatumii, wachache wanaumwa wanapewa, mjanja anawekewa kizuizi. Kwa hiyo watu wa bima waliposema kadi za watoto zilikuwa zinaleta hasara kwa sababu wazazi wanamkatia mtoto akishaumwa mie niliwaelewa kabisa, yule mama wa Jumanne bado namkumbuka mpaka kanga yake. Siombi wawe wajinga. Ila sisi tulipopata hasara hatukufunga sanduku, tulitunga kanuni na kila mtu aliisikia siku hiyo hiyo kabla haijaanza.

Na tofauti kubwa ni ile ya mama wa sangara, msiba ni watu bima ni ofisi. Sanduku letu nalisikia likihesabiwa. Ile 30,000 ya baba mkwe ilienda wapi mie sijui, yeye hajui, na aliyeipokea pengine hajui.

Turudi kwenye hii ya kitaifa. Mwaka 2022 muswada ulipoenda bungeni zilitajwa 340,000 kwa kaya ya watu sita na 84,000 kwa mtu mmoja, hapa Mwaloni palichafuka. Tukasikia tena asiye na bima atabanwa kwenye leseni ya udereva, sijui namba ya mlipakodi, sijui laini ya simu, hapo ndo kabisa, watu walikuwa wanaongea kama wametukanwa. Nchi nzima ilipiga kelele muswada ukakwama zaidi ya mwaka, ukaja kupita tarehe 2 Novemba 2023. Halafu kampeni za 2025 Rais Samia akaahidi majaribio ndani ya siku 100 za kwanza, na akasema hospitali zisizuie maiti kwa sababu ya madeni. Hilo la maiti watu walishangilia kuliko yote, maana huku kila ukoo una hadithi yake ya kuchanga wiki nzima ili mzike.

Mjadala wa bei sitaki kuingia sana, wapo wanaojua hesabu kuliko mie. Wakisema 340,000 ni ndoto, kwa mwezi ni 28,000 na ushee, hiyo hapa ni kodi ya chumba. Wakisema 150,000 inaongeleka, ni kama 2,900 kwa wiki kwa nyumba nzima, mama wa dagaa giza likiwa zuri anaitoa. Kinachoniuma ni hapo watakaposema inaongeleka halafu wakaitaka yote siku moja, mwezi wa kwanza, ambapo pia kuna sare za shule na madaftari. Mfanyakazi wa serikali hakatwi hivo. NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, inamkata asilimia 3 kila mwezi na mwajiri anaweka 3, hata hajui imeondoka lini, hajawahi kukaa akashika laki na nusu mkononi akajiuliza bima au unga. Kwake mshahara ndo giza, unarudi kila mwezi bila kukosa. Sisi tunaoambiwa sekta isiyo rasmi, jina lenyewe silipendi, ndo tunaambiwa tuwe na nidhamu ya kushika laki na nusu.

Mnunuzi mmoja wa kutoka Kisumu, anakuja hapa kuchukua dagaa kila mwezi, tumebishana nae sana. Kwao Kenya walikuwa na NHIF yao, ikafutwa ikaja bima mpya wanaiita SHA Oktoba 2024, mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na wa sokoni kama sisi wakaambiwa walipe ya mwaka mzima mara moja, wakagoma, mpaka 2025 serikali yao ikaleta Lipa SHA Pole Pole. Nikasema si ndo hicho nakitaka! Akasema ngoja kwanza dada, ule ni mkopo, unakopeshwa ya mwaka halafu unalipa kidogo kidogo. Hapo nikapoa. Mikopo? Sisi kausha damu zimetumaliza, wanawake wanahama usiku na vitanda hapa Kirumba kwa ajili ya mikopo, halafu niumwe na nidaiwe? Jina la Pole Pole ni zuri, mkopo wabaki nao. Nachotaka ni kulipa wiki hii na kufunikwa kadiri nilivolipa, kama LUKU, na kukiwa na kizuizi cha miezi mitatu kwa anayeanza sawa tu. Rwanda nao, magari yao yanapakia dagaa hapa hapa, kwao mutuelle, ndo bima yao ya jamii, inalipwa kwa kichwa kulingana na hali ya kaya na wa chini kabisa wanalipiwa. Sijui kila kitu chao ila madereva wao nikiwauliza kadi unayo wanatoa bila kutafuta.

Na hapo kwenye wa chini kabisa nina wasiwasi wangu. Sheria inasema wasio na uwezo watalipiwa. Ni nani? Nani atawachagua, mtendaji wa mtaa? Mie nina bati juu, nina simu hii ninayoandikia, nina magunia. Siku ya giza ukinikuta sio maskini, siku ya mbalamwezi ukifungua sufuria langu utanionea huruma. Orodha ya kaya maskini inaandikwa mara moja. Sisi wengi tuko hapo katikati, wa kulipiwa hatumo na wa kulipa mkupuo hatumo, na nadhani ndo maana mpaka mwaka ule wa muswada wenye bima ya aina yoyote nchi hii walikuwa hawafiki hata asilimia 20.

Nisije nikajaza gazeti. Ninachoomba kwa wanaotunga kanuni ni wakubali malipo ya kidogo kidogo kwa simu, yanayosimama mbalamwezi bila kadi kufa siku hiyo hiyo, tupewe hata siku thelathini za subira. Kadi ya baba mkwe ilikuwa imekufa siku ishirini tu. Na wapitishe kupitia vikundi kama chetu, sisi tutakusanya na kutuma, sanduku tunalo na kanuni tunazo.

Na kwenye kila zahanati, karibu na dirisha la dawa, wabandike karatasi: mwezi huu zimekuja dawa hizi kutoka Bohari ya Dawa, idadi hii, zilizobaki ni hizi, zilizoisha ni hizi. Kwa Kiswahili na kwa maandishi makubwa. Sihitaji dashibodi sijui mfumo, karatasi na gundi. Mzee yule angekuta imeandikwa imeisha tarehe fulani inakuja tarehe fulani asingeita kadi yake kitambulisho. Na duka la ng'ambo ya barabara lingepaka rangi polepole kidogo.

Baba mkwe yupo, anawasalimu, amegoma kufa anasema bado anadaiwa na tezi dume. Kadi yake sasa naikumbuka mie, nimeandika kwa mkaa ukutani karibu na sehemu ninapoandika tarehe za giza.

Na kama kuna watu wa wizara au watafiti wanataka kuja kuuliza maoni yetu wasije saa kumi na mbili asubuhi mitumbwi inapoingia na madodoso yao, nani atawajibu wakati dagaa inauzwa, walikuja wengine mwaka juzi tukawapa majibu ya kuwafukuza. Waje mbalamwezi. Tunakuwa tumekaa hapo nyuma ya stoo toka asubuhi, maneno tunayo, hela ndo hatuna.

Mama wa dagaa,
Mwaloni Kirumba, Mwanza